Bawaba

Mimi ni fundi milango. Kompyuta sizijui,
ila bawaba nazijua.

Ndiyo maana dukani kwa Mbwambo, Double Road,
sikuuliza habari za kasi.
Niliinua kifuniko kwa kidole kimoja, nikakiacha.
Kikasimama palepale nilipokiacha.
Nikainua tena. Mbwambo akakohoa:
"Mzee, hiyo siyo kabati."
Nikamwambia kila kinachofunguka na kufungwa
ni mlango.

Alikuwa ameanza na za laki nne,
zinang'aa kama sufuria za harusi,
ukizigusa katikati zinabonyea kama debe.
Akaruka hadi ya milioni tatu,
nyembamba kama mkate wa Meza ya Bwana,
na mimi sikuja kushiriki.
Hii ilikaa kati yao, kimya, milioni na ishirini,
mtumba, ubavuni ina mkwaruzo
wa mtu nisiyemjua.
Niliigeuza tumbo. Skrubu saba, zote wazi.
Chenye skrubu za kuonekana
kimeundwa na mtu aliyejua kuwa siku moja kitaharibika
na hakuona haya.

Ile ya zamani ya Ndekusara
inaegemea pakiti ya sukari, kilo mbili.
Bawaba zilikatika, ya kushoto kwanza.
Sukari ikipungua, kioo kinalala,
kwa hiyo msimu mzima wa hesabu za ushirika
nyumbani kwetu Kibosho tulikunywa chai kavu
huku sukari ipo mezani, inafanya kazi.

Halafu herufi a ikafa.
Usiku, katikati ya malipo ya wakulima.
Jaribu wewe kuandika Kiswahili bila a.
Kahawa inabaki khw.
Baba na mama wanakuwa watu wa kugugumia.
Jina lake mwenyewe linazo mbili, zote zilikwenda.
Basi kila a aliiokota ilipo, akainakili, akaibandika,
kama mtu anayeazima chumvi nyumba kwa nyumba,
kurasa thelathini na moja za taarifa ya ukaguzi.
Hakulalamika.
Mimi nimelala nasikia vidole tu,
vitatu pale ambapo kingetosha kimoja.

"Betri?" nikamuuliza Mbwambo.
"Saa sita."
"Za kweli au za dukani?"
Akatazama nje, mvua ilikuwa inashuka kutoka mlimani.
"Nne. Na nusu, ukipunguza mwanga."
Hapo ndipo nilipoamua kununua.
Mlango mzuri hausemi uongo kuhusu upepo.

Lakini kwanza niwashie, nijaribu.
Nikabonyeza moja tu, ile ile, bila kuachia.
Kioo kikajaa aaaaaaaaaa,
kama mtoto anayemwonyesha daktari koo.
"Jaribu na nyingine, mzee."
"Nyingine hazijatudhulumu."

Nikahesabu noti: milango sita ya gesti ya Pasua,
ambayo ilikuwa iwe randa ya umeme.
Randa yangu ya mkono bado inakata.
Ishirini aliisamehe, nikanunulia mfuko wa nailoni
na nauli.

Nyumbani sikutoa hotuba. Niliiweka juu ya meza
kando ya ile mgonjwa, nikajifanya natafuta kalamu.
Ndekusara akaikaushia matone kwa kanga.
"Umekopa?"
"Hapana."
"Randa je?"
Nikasema nini? Nikasema mvua kubwa leo.

Akainua kifuniko kwa kidole kimoja.
Sikumfundisha.
Akakiacha, kikasimama. Akakisogeza kidogo,
kikasimama na hapo.
Akakaa akikitazama kwa muda mrefu,
kisha akavuta ile pakiti kutoka nyuma ya kioo cha zamani,
ambacho kililala taratibu, kama mzee aliyeruhusiwa,
akaikata kona kwa meno,
akanitilia chai vijiko vitatu.

Mimi hutumia kimoja.
Niliinywa yote.