Namba Mbili wa Mwaloni

Sikio la kushoto limejikunja kama kitumbua.
Hilo la Kampala, husema Bulugu, skramu ya mwisho.
Goti ni la Lusaka: linajua mvua kabla ya ziwa.

Mara kumi na nne aliuimba wimbo wa taifa
kinga ya meno ikiwa shavuni.
Jezi ya raga? Ng'washi huivaa akianika dagaa;
ile namba mgongoni zimebaki nyuzi.

Jana lori la magunia lilizama topeni, Kirumba.
Vijana wakalisukuma kila mtu kivyake.
"Shikaneni! Bega chini, mgongo bapa,
sasa!"
Likatetemeka, likanasuka, likaenda zake Shinyanga.

Vijana wakacheka, wakapangusa matope.
Filimbi haikulia.
Bulugu akabaki ameinama,
mikono wazi pande mbili,
ikitafuta mabega.