Swali la Thelathini na Moja

Mara ya tatu hii nafanya usaili.
Kurasa themanini na sita nimezitoa kopi kwa Hemlata,
duka la pembeni, Wete, ngazi tatu za saruji,
na shilingi elfu moja na mia mbili bado ananidai.
"Utalipa ukishaajiriwa," kasema, akacheka,
akaandika jina langu daftarini: Mgeni Faki Shoka.

Mlango wa tisa: Bara Hindi chini ya Mwingereza.
Nimekaa kizingitini, jamvi la karafuu mbele yangu,
jicho moja karatasini, jingine kwa kuku.
Kampuni iliyokuja kununua pilipili
ikageuka kukusanya kodi. (Sentensi hii yangu, si ya kitabu.)
Elfu moja mia nane hamsini na saba, askari wakaasi.
Kodi ya chumvi. Watu wakatembea hadi pwani
kuokota kilicho chao.
Nasoma kwa sauti, nasahau kwa sauti.
Karani wa forodha, bandari ya Wete, nafasi mbili:
chumvi ya watu wale nitaipimia wapi?

"Mgeni! Wingu hilo! Anua!"
Nakunja jamvi, nakunja na karne.

Usiku umeme umekatika.
Tochi ya simu, chaji asilimia kumi na moja.
Ukurasa wa sabini na nne, mstari wa chini kabisa,
herufi zimeliwa nusu na mashine ya Hemlata:
mwaka 1937 wafanyabiashara wa Bara Hindi
waligoma kununua karafuu ya Zanzibar.
Nukta. Mlango wa kumi.

Nukta!
Bibi Kazija aliuita mwaka wa harufu.
Alikuwa na miaka saba. Magunia yamepangwa hadi darini,
mnunuzi hakuna, na nyumba nzima, alisema,
uji unanuka karafuu, nywele zinanuka karafuu,
hata usingizi.
Baba yake, Kombo, shamba alikwishaliweka rehani,
mikarafuu sabini na miwili, kwa mwenye duka lile lile,
ngazi mbili wakati huo, za mawe matupu.
Hakujua kuandika. Dole gumba likachovywa winoni.
Na mwenye duka naye alikuwa akidaiwa Unguja mjini,
na yule wa Unguja akidaiwa Bombei,
na Bombei ikimdai Mwingereza nchi yake:
kamba moja ndefu, kila mmoja kafungwa shingo
na kashika ncha ya mwenziwe.

Bibi hakuyasema haya ya Bombei.
Hayo nimeyaokota mlango wa tisa.
Bibi alisema tu kwamba siku moja mwenye duka alikuja mwenyewe,
viatu mkononi kwa ajili ya tope,
akaketi barazani na Kombo,
wakanywa kahawa, vikombe viwili viwili,
na hapana aliyefungua daftari.

Jumamosi, Chake, skuli ina watu mia nne,
mashati yamepigwa pasi mpaka yanang'aa.
Swali la thelathini na moja:
Mgomo wa karafuu ulisababishwa na nini?
A. Ukame.
B. Sheria mpya za biashara ya karafuu.
C. Vita.
D. Yote hayo.
Kisanduku cha kutia alama, kidogo kama ukucha.
Nikakitazama mpaka msimamizi akapita mara mbili.
Vidole vyangu bado vina mafuta ya kuchambua;
karatasi imeshika doa pembeni, la hudhurungi,
lina mistari ya dole gumba.
Nikalifuta kwa kiwiko. Halikutoka.

Mama kanipokea bila kuinua macho kwenye ungo.
"Yametoka ya kwetu?"
"Limetoka moja."
"Ukajibuje?"
"B."
"Herufi moja?"
"Moja."
Akausukuma ungo upande wangu.