Shingo ya Duara

Fomu ilitaka jina, mtaa, simu,
na ndugu wa kupigiwa likitokea la kutokea.
Nikajaza: Misoji Salamba, fundi cherehani, Mkuyuni.
Mstari wa mwisho: Sababu ya kujiunga.
Nikaandika, nitarudi hapa.
Nikalipa elfu kumi na tano ya msimu,
nikapewa miwani ya plastiki yenye mikwaruzo
na viziba masikio vya rangi ya chungwa.

Ghala lilikuwa la pamba, kule Igogo.
Nyuzi bado zimeng'ang'ania misumari ya kuta
kama mvi zilizosahauliwa kwenye kitana.
Dirisha la upande wa ziwa limepigwa mbao;
upepo unaingia vilevile, na shombo la dagaa,
na hakuna anayeuuliza kadi.

Mita kumi.
Mita kumi nimezikata tangu ujana wangu:
magauni matatu ya kwaya na vilemba vyake.
Sijawahi kuziona zimenyooshwa hewani
na mwisho wake doa jeusi,
upana wa kikombe cha kahawa.

Bastola ya upepo, mali ya chama, namba saba.
Mpini umeviringishwa utepe na mkono wa mtu nisiyemjua.
Nilitegemea iwe nzito kama kosa.
Ina uzito wa kopo la vifungo.
Nilishawahi kuiona bastola, lakini upande wa mdomo,
usiku mmoja dukani, droo ya hela iko wazi,
na mkono wa yule kijana ukitetemeka kuliko wangu.
Hilo sikulijaza kwenye fomu.

"Fumbua yote mawili," akasema mzee Lushinge,
mpima ardhi mstaafu, mwenye sauti ya kusomea ramani.
Yote mawili!
Miaka thelathini nafumba la kushoto
ili uzi upate tundu la sindano.
"Na usiitazame karatasi. Tazama kilengeo cha mbele.
Karatasi iache ififie."
Basi kazi gani hii, nikawaza,
unakilenga kitu kwa kutokitazama?
"Kidole usikivute. Binya,
kama unavyolibinya parachichi la watu
muuzaji akiwa amegeuka."
Hapo nikamwelewa.

Jumanne, mechi ya kwanza, Igogo na Nyakato.
Punje yangu ya kwanza
ilitua kwenye karatasi ya jirani,
Daktari Kabula wa meno,
ikampa tisa ambayo hakuitolea jasho.
Ghala zima likacheka, hata Nyakato wakacheka,
tisa ikafutwa, na mimi nikaandikiwa sifuri
kwa wino, bila chuki.

Ya pili, tatu.
Ya tatu, sita.
Ya nne sijui ilikokwenda. Muulizeni ukuta.

Halafu, kwenye ya saba,
pumzi ilishuka ikakaa chini kama mgeni aliyeshiba,
kilengeo kikawa cheusi, kikavu, kina kona,
doa likayeyuka kule nyuma kama mtu ukunguni,
na kabla sijaamua,
tap.

Lushinge akaja na lenzi yake.
Akainama. Akainuka. Akainama tena.
Mtu wa Nyakato akasema ni nane.
"Mstari ukiguswa umeguswa," akasema mzee,
"mipaka ndiyo kazi niliyoifanya."
Tisa.
"Wabeja," nikamwambia,
na sauti ikanitoka nyembamba, ya msichana.

Hamsini na mbili kati ya mia.
Tulifungwa kwa nane.
Nane hizo nazijua zilipo:
moja ukutani, nyingine kwa daktari wa meno,
zilizobaki zimetawanyika pembeni
kama makombo ya mtu alaye akiongea.

Karatasi nimeibandika kwa pini nne
juu ya cherehani, kando ya vipimo vya watu.
Leo asubuhi mama mmoja, mwenye harusi Jumamosi,
akaikodolea macho mduara kwa mduara,
akagusa tundu la tisa kwa ncha ya ukucha.
"Fundi, shingo hii ya duara, nzuri.
Lakini vitobo hivi
vya shanga?"

Nikamwambia ndiyo.
Nikachukua futi kamba, nikampima,
macho yote mawili wazi.