Mstari wa Kumi na Saba

Waliletwa wawili kwa gari moja, saa tisa usiku,
kutoka nyumba ya wageni kule Nalufenya.
Nikafungua daftari la chumba cha maiti.
Mstari wa kumi na sita: Joost Verhagen, miaka ishirini na minane.
Mstari wa kumi na saba: Okiror Yokosofati, mlinzi,
umri haujulikani.

Sitasema damu yao ilikuwa ya rangi moja.
Hayo husemwa kanisani, kisha watu wakaenda kula.
Nasema tu kwamba shuka lilikuwa moja,
hospitali ilikuwa imeishiwa,
nikalichana katikati kwa meno.

Kulipokucha Jinja ikajaa kamera.
Jina lake linaandikwaje? wakaniuliza.
Nikawatajia herufi kwa herufi,
wakaniomba nirudie, wasije wakamkosea marehemu.
La Okiror lina herufi sita tu.
Hakuna aliyeziomba.

Gazeti likatoka.
Ukurasa wa kwanza, uso wa kijana, anacheka, kasia mkononi.
Ukurasa wa pili, mama yake, shule yake,
mbwa wake Pim anayelala mlangoni akimngoja.
Nilimlilia mbwa yule, wala sioni haya.
Kisha chini kabisa, juu ya tangazo la magodoro:
*Mlinzi mmoja, mwenyeji, pia alifariki.*

Pia.

Na tazama vitenzi, wewe uliyesoma.
Yule *aliuawa kinyama*.
Huyu *alifariki*,
kana kwamba panga lilimruka
na homa ikapita nyuma yake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, tulifundishwa.
Alisimama mlangoni na upinde wake usiku ule,
mgeni akiwa nyuma yake,
na mwenyeji hakupona.

Mpiga picha mmoja, mtoto wa Bugembe, alirudi peke yake
akaniomba maji ya kunywa.
Mama, akasema, mhariri anasema nafasi haikutosha.
Nikatazama magodoro. Nusu ukurasa.

Asekenye alifika siku ya tatu toka Ngora,
juu ya magunia ya mihogo.
Hakupigiwa simu. Redio ilitaja nyumba,
ikamtaja Mzungu,
haikumtaja mumewe,
naye akajua kwa kuwa alijua nani hulinda mlango ule.

Ana miaka arobaini na mmoja, akaniambia. Hakusema *alikuwa*.
Kila mwezi hununua bati moja.
Amefikisha kumi na moja. Nyumba inataka kumi na manane.
Andika.

Daftari halina nafasi, mama, nikasema,
na sauti iliyotoka kinywani mwangu
niliijua ni ya nani.

Maana hata mimi, usiku ule,
nilianza kumchana nywele yule mgeni.
Nilimfumba macho kwa vidole viwili, taratibu,
nikimwazia mama yake ng'ambo.
Okiror alingoja sakafuni, buti zake za mpira miguuni,
hadi jua likachomoza.

Nikaligeuza daftari ubavu.
Pembeni, palipokatazwa kuandikwa,
nikaandika: *41. Mabati kumi na moja.*

Mwezi jana mkaguzi alipita, kutoka Kampala,
kidole chake kikateremka, kikasimama.
Mabati ya nini kwenye kitabu cha maiti?

Nikamwambia, bwana, anza mwanzo wa mstari.
Soma kwa sauti.