Marahaba ya Tisa

Kwa Hokororo, Chikongola, nyuma ya mchomelea mageti,
vyuma vyetu vingi ni zege ndani ya kopo la rangi
na ekseli ya Fuso lililofia njia ya Masasi.
Kopo moja bado limeandikwa Buluu Mpauko.
Hilo ndilo langu.
Hokororo anasema kilo kumi na mbili.
Mizani ya ghala ilisema kumi na moja,
lakini mizani ya ghala tunaijua.

Nesi wa Ligula alinichorea kwenye boksi la dawa:
kuchuchumaa, kuinuka, mara kumi na mbili,
seti tatu, kila siku isipokuwa Ijumaa.
"Goti halina haraka," alisema, "ila lina kumbukumbu."
Tulianguka pamoja kutoka ngazi ya ghalani, mimi na goti hili,
na tangu Novemba tunajuana upya.

Basi nahesabu.
Moja mpaka sita ni mali yangu.
Saba inaanza kuwaka.
Nane —
"Shikamoo, Mama Fikirini."

Utafanyaje?
Salamu haiwekwi sakafuni kama kopo.
Nimelelewa Nanguruwe, na bibi aliyeacha ugali uungue
ili amwitikie mpita njia
na kumuuliza mpaka hali za mbuzi.
Pumzi niliyoifungia tumboni kwa ajili ya tisa
naifungulia mlango: marahaba.
Inatoka kama upepo wa tairi.
Mtoto wa watu karidhika, anakwenda zake kwenye kamba.
Mimi nimebaki nusu wima, kopo kifuani,
sijui nilikuwa wapi.

Kama si shikamoo, ni Nampoto na mafunzo yake:
"Dada, kisigino. Dada, mgongo. Dada, angalia mbele."
Nampoto ana mikono kama mitungi na miguu kama ya kuku,
miguu ambayo haijachuchumaa tangu Hokororo afungue.
Chilumba naye anataka kujua mnada wa Tandahimba
umefungwa shilingi ngapi,
kwa sababu mtu wa ghala, hata akibeba zege,
anadhaniwa amebeba bei.
Na yule kijana wa bandarini, jina silitaji,
anayeuliza "umebakiza ngapi?"
huku ameshatandika taulo lake.

Nimejaribu yote.
Nilivaa spika za masikioni, waya umeishia mfukoni, simu hakuna.
Walinigusa bega.
Nilikuja alfajiri, nikamkuta Hokororo anafagia,
na Hokororo akifagia husimulia talaka yake
chumba kwa chumba.
Niligeukia ukutani.
"Mama Fikirini, umenuna?"

Nikazoea kuidanganya hesabu.
Nane, marahaba, kumi.
Miezi miwili tisa yangu ilikuwa salamu.
Nilipomsimulia nesi alicheka mpaka akaketi,
kisha akalibonyeza goti, akaacha kucheka.
"Hizi ni thelathini na tatu," akasema. "Nilikuandikia thelathini na sita."

Jumatatu nikarudi na deni langu.
Saba ikawaka.
Nane.
Mshamu akatokea mlangoni na sare ya shule, mdomo tayari:
"Shika —"
"Ngoja."

Sikuwahi kumwambia mtoto wa mtu angoje na salamu yake.
Bibi huko Nanguruwe aligeuka kaburini, nilimsikia.
Nampoto aliacha ekseli ikining'inia hewani.
Mshamu akasimama pale pale,
nusu ya neno mdomoni,
nikaona midomo yake inatembea bila sauti,
tisa,
kumi,
na magoti yake yanakunjika kidogo kila yangu yanapokunjika,
kumi na moja —

"Mama Fikirini," Chilumba akaita toka nyuma, "hivi Tandahimba —"

kumi na mbili.

Nikaliweka kopo chini.
"Haya, Mshamu. Malizia."

"— moo," akasema.

Nikaitikia kwa pumzi nzima.