Bomba la Matope

Siku ya tatu ndipo nilipojua kulishika:
bomba la chuma, kimo changu na dhiraa juu.
Unalididimiza mikokoni maji yakishakupwa,
unalizungusha robo, unavuta, magoti yanazama,
na Moa yote inatoka tumboni mwake:
juu ya kijivu, kati ya kahawia,
chini nyeusi, inanuka yai viza.

Nililipwa elfu ishirini kwa siku, na chai.
Kazi yangu kubeba, kuosha, kuandika namba.
Mwenye bomba aliitwa Wiebke. Mama alishindwa na jina,
akamwita Bi Vibuyu, naye akaitika.

"Hapa," akasema, ukucha wake kwenye kahawia,
"pana chavua ya miaka mia nne.
Mtama ukilimwa, matope yanajua.
Watu wakihama, yanajua pia."

Akanieleza kwao, Angeln,
kipande cha nchi kando ya Baltiki,
ambako ng'ombe hutoa moshi puani kwa baridi.
Zamani za kale watu wa pale walipakia watoto,
mbegu na mapanga, wakavuka bahari kwenda magharibi.
Jina wakaondoka nalo.
Huko likanenepa, likawa Ingereza,
likawa na lugha hii tuliyoiazima mimi naye
ili tuelewane ndani ya tope la Tanga.
Nyuma yao shayiri ikakoma.
"Msitu tu," akasema. "Tabaka juu ya tabaka,
karibu miaka mia mbili, msitu."

Mama alikuwa anakuna nazi. Nikamtafsiria.
Mbuzi ikanyamaza.
"Ngoja. Mwingereza katoka kwa Mjerumani?"
Nusu nusu, nikasema.
"Na wale waliopigana hapa Tanga
mpaka nyuki wakaona bora waingilie,
walikuwa wa kaya moja?"
Akacheka, kashika ubavu.
"Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.
Lakini babu yangu hakuachiwa jembe.
Alitwikwa sanduku la risasi."
Hilo sikulitafsiri.
Wiebke akaosha kikombe kilichokuwa safi.

Nasi Wasegeju, mama akaendelea, tulitoka Shungwaya.
Iko wapi? Akaielekeza kwa kidevu, kaskazini,
kama mtu anayeonyesha duka.
Ndipo Bi Vibuyu akauliza
swali ambalo sijawahi kulisikia nyumbani kwetu:
"Na waliobaki?"

Mama akarudi kwenye nazi yake.
Hatuna wimbo wa waliobaki.
Aliyehama ana safari, ana mjukuu wa kumsimulia.
Aliyebaki ana jiko moja linalofuka
na njia inayoota nyasi.

Kaka yangu Bwanaheri yuko Maskati.
Funguo aliacha juu ya kizingiti.
Ramadhani hutuma pesa, Shaaban hutuma picha za gari.
Shamba lake la mihogo liliota ukoka, kisha magugu,
mwaka huu mkwamba umenifika kiunoni
na unatoa maua, hauna haya.
Chavua yake inapeperuka, inashuka mikokoni,
inatua juu kabisa, pale kwenye kijivu,
pale nilipokata mimi kwa kisu
na kuandika kwa wino usiofutika:
MOA 7, sentimita sifuri.

Alfajiri ya Wiebke kuondoka ilikuwa Ijumaa.
Nikamkuta mama uani kwa Bwanaheri, anafagia.
Miaka tisa anafagia uwanja wa nyumba iliyofungwa,
nami miaka tisa nadhani ni ukaidi.
"Mama, humu hamna mtu."
"Najua. Nafagia ili ardhi isiseme hivyo."

Nikachukua panga, nikaenda shambani.
Nilisimama sana mbele ya ule mkwamba.
Nyuki walikuwa wameshawahi.
Nikakata matawi mawili ya chini,
yaliyobaki nikayaacha.
Sijui kama niliyaonea huruma
au nilitaka ijulikane.