Neno Nililolisahihisha

Miaka kumi na saba nimekuwa nikiapa, mkono juu ya kitabu,
nisiongeze neno wala nisipunguze.
Milimani, ghorofa ya tatu, chumba chenye feni moja,
mimi ni kinywa cha kukodishwa:
Kiingereza kinaingia sikio hili, Kiswahili kinatoka,
na jioni narudi Kariobangi
mtupu kama gunia lililokung'utwa.

Jumanne wakili Achola alisimama.
Alisoma ombi lenye jina la Kilatini,
sheria kuukuu kuliko reli, kuukuu kuliko jiji lenyewe:
dola na iulete mwili mbele ya jaji.
Nikamgeukia Syombua, mama mtu,
sweta ya kijani imekunjwa mapajani mwake,
nikasema kama nilivyoapa,
"Anaomba mwili wa mwanao uletwe."

Hakupiga ukemi.
Alishika ukingo wa benchi, akaniuliza mimi, si jaji,
"Mwili? Kwani mmeshamuua?"

Musembi, miaka ishirini na mitatu, mchapishaji wa fulana.
Walimtoa kwa kinyozi, kule Kayole,
upande mmoja wa kichwa umenyolewa, wa pili bado,
watu wanne wasio na sare,
gari lisilo na namba.
Kosa lake bango: PESA YETU IKO WAPI?
Kinyozi alizifagia zile nywele, akazitia kwenye bahasha,
hakujua azipeleke kwa nani.
Kituoni, askari wa zamu alifungua kitabu cha matukio,
akalamba kidole, akapekua, akasema hayumo.
Asiyemo kitabuni hakukamatwa,
asiyekamatwa hatafutwi,
asiyetafutwa, mama, nenda nyumbani,
labda ana msichana mahali.

Siku kumi na tisa.
Wakili wa serikali, tai imenyooka, alisema, "Hatunaye."
Nikatafsiri. Neno moja, jepesi,
na koo likanikauka
kana kwamba aliyesema ni mimi.

Ndipo nikainua mkono, mimi nisiyekuwa na hoja chumbani humo.
Mheshimiwa, mkalimani amekosea, naomba kusahihisha rekodi.
Mwili, kwa lugha yetu, unanuka chumba cha baridi.
Anayetakiwa na sheria hii ni mtu:
mwenye njaa, mwenye kesi kama anayo,
mwenye nusu ya nywele,
anayeweza kuitwa akaitika.
Naomba iandikwe mtu.

Jaji alivua miwani, akaifuta, akaifuta tena.
Wakili wa serikali akatazama saa.
Kisha kalamu ikakwaruza:
mtu huyo aletwe Alhamisi, saa tatu asubuhi,
aingie kwa miguu yake.

Leo Alhamisi. Saa tatu na robo.
Mlango wa mahabusu, ule wa chuma, umefungwa.
Syombua amekuja na sweta.
Kinyozi naye amekuja, mashine mfukoni,
walinzi wa langoni nusura wamnyang'anye;
anasema kazi ya watu haiachwi nusu.
Karani anaita jina.
Anaita mara ya pili.

Hapa sina cha kutafsiri.
Jina la mtu ni lilelile kwa kila lugha.
Karani anavuta pumzi aite mara ya tatu,
na kabla hajafungua kinywa
benchi zima nyuma yangu limeshaita,
na mimi nimo, bila kuapishwa.